Kabla ya Kusuka Kuna Kukata

Mnunuzi anayeng'ang'ania apunguziwe bei ya kikapu cha ukindu huhesabu kazi moja tu, kusuka. Kwenda kuutafuta ukindu wenyewe hakumo katika hesabu yake.

Mkindu hupenda maji. Huku pwani na visiwani huota mabondeni, kando ya vijito na nyuma ya mikoko, mashina mengi yakitoka kisiki kimoja. Anayeukata hana haja na kuti la kijani lililokwisha kuchanua. Hilo limekomaa, gumu. Anataka kuti changa la katikati, lililosimama wima, bado limejifunga kama mwavuli. Kulifikia ni kazi: majani ya chini ya kila kuti la mkindu ni miiba mirefu, na miiba hiyo haimjui mgeni wala mwenyeji.

Halafu kuna adabu ya kisu. Shina hukulia hapo hapo katikati. Likikatwa kuti moja, kisha likaachwa lipumue, litatoa jingine. Likikatwa kila linapochungulia, shina hudumaa, mwisho hufa. Ndiyo maana msusi mzoefu huchukua kwenye shina hili, akaliruka lile.

Nyumbani ukindu huchemshwa na kuanikwa juani hadi uwe mweupe. Wa kutiwa rangi hurudi sufuriani. Kisha huchanwa chane nyembamba, zote za upana mmoja, nazo hutiwa maji kidogo kabla ya kusukwa, maana chane kavu hukatikia vidoleni. Zikisukwa hutoa ukili, na kili hushonwa ukingo kwa ukingo hadi ukapatikana mkeka au kikapu. Majamvi na makanda, vitu vya sulubu, huachiwa miyaa, majani ya mkoma.

Pakacha halina mashaka hayo. Kuti bichi la mnazi wa uani likipasuliwa, mwenye mkono mwepesi amekwisha pata cha kubebea maembe kabla chai haijapoa. Halidumu, wala hakuna anayelitaka lidumu.

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019, wengi tulidhani zamu ya kikapu imefika. Ilifika nusu. Mifuko mbadala ya bei chee iliwahi sokoni, pamoja na vikapu vya mikanda ya plastiki, vyenye rangi kali na visivyoota ukungu. Simlaumu anayevinunua.

Ila bonde likifyekwa likawa viwanja vya nyumba, msusi huvuka hadi bonde la pili, na nauli inaingia kwenye ukindu. Muulize muuzaji kwa nini kikapu kimepanda bei. Huenda akaanza na daladala kabla hajafika kwenye kusuka.