Moto Mlimani: Tutangaze Nini, Lini na Vipi?



Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza katika Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, mahali wanapopumzika wapanda mlima wa njia ya Marangu kati ya Mandara na Horombo. Usiku ulipoingia, mstari mwekundu ulionekana hadi Moshi mjini. Miaka miwili baadaye, Ijumaa tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, kwenye mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Huo ulikuwa karibu nasi zaidi, kwa sababu Karanga ni kambi wanayopita wageni waliopandia Machame.

Mara zote mbili swali lilikuwa moja, barabarani, sokoni na hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa: moto umefika wapi? Waliokuwa na jibu la uhakika walikuwa wachache, lakini waliojibu walikuwa wengi. Katika makala hii tunaeleza jinsi habari za moto zinavyopaswa kusafiri kutoka mlimani hadi kwenye Jumuiya zetu, na wajibu wa parokia, kigango na seminari katika safari hiyo.

Kwa nini mlima wenye mvua nyingi unawaka

Anayeishi Machame, kati ya migomba na kahawa, anaweza kushangaa kwamba mlima huu unashika moto. Ukanda wetu ni wa kijani mwaka mzima, na msitu ulio juu yetu una unyevu mwingi. Lakini juu ya msitu huo, kuanzia mita 3,000 hivi, kuna ukanda wa vichaka vya erika na nyasi. Erika ina mafuta ndani yake, na matawi yake membamba hukauka upesi. Kiangazi kinapofika mwisho, mwezi Septemba na Oktoba kabla ya mvua za vuli, ukanda huo unawaka kwa cheche moja.

Cheche hiyo mara nyingi hutoka kwa binadamu. Warina asali hutumia moshi kufukuza nyuki. Majangili huwasha moto usiku. Wako pia wanaopika au kuota moto kambini bila kuuzima vizuri. Maelezo ya awali ya TANAPA kuhusu moto wa 2020 yalitaja wabeba mizigo waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Moto ukishaanza huko, mambo matatu huufanya kuwa mgumu. La kwanza ni upepo: mchana upepo hupanda mlima, usiku hushuka, kwa hiyo mahali palipokuwa salama saa tisa alasiri panaweza kuwa hatarini saa tatu usiku. La pili ni mteremko: moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hukausha vichaka vilivyo juu yake kabla haujavifikia. La tatu ni udongo: katika ukanda wa juu ardhi imefunikwa na mizizi, kuvu na majani yaliyooza, na moto huweza kuzama humo ukafuka siku kadhaa bila kuonekana, kisha ukaibuka tena. Ndiyo maana moto uliotangazwa kuwa umedhibitiwa unaweza kuonekana umewaka upya. Aliyetangaza huenda hakusema uongo. Kudhibiti moto maana yake ni kuuzuia usisambae, na kuuzima kabisa ni kazi nyingine.

Sisi wa chini inatuhusu nini?

Tuseme ukweli: katika mioto hiyo miwili moto ulibaki juu, haukushuka hadi kwenye vihamba. Msitu wenye unyevu ulio kati yetu na vichaka ni ukuta wetu. Lakini ukuta huo unaliwa kutoka juu. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp, aliyeusoma uoto wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, alichapisha hoja ambayo watu wengi wa hapa bado hawajaisikia: kwa upande wa maji, misitu inayopotea kwa moto ni hasara kubwa kuliko barafu inayoyeyuka kileleni. Msitu wa juu hunasa ukungu. Matone hukusanyika kwenye majani na kuvu, hudondoka na kuingia ardhini. Erika ikiungua na nyasi zikachukua nafasi yake, ukungu unapita tu.

Kwa hiyo moto wa Karanga unaigusa mifongo yetu, mito ya Weruweru na Kikafu, na wenzetu wa tambarare wanaoyategemea maji hayo, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Muumini anayefungulia maji ya mfongo zamu yake ikifika ana haki ya kuujua moto huo, na ana wajibu juu yake.

Kwa nini takwimu hubadilika

Siku za mwanzo za moto wa 2020 ilitangazwa kwamba eneo lililoungua ni kilomita za mraba 28. Baadaye mwezi huohuo idadi iliyotolewa ilikuwa kilomita za mraba 95.5. Wapo waliosema wamefichwa kitu. Lakini moto unaotembea haupimwi kama shamba. Siku za kwanza wapimaji hutazama kwa macho kupitia moshi, na wakati wanahesabu moto unaendelea kula. Hesabu nzuri hupatikana moshi ukishaondoka.

Funzo ni kwamba kila takwimu itajwe pamoja na siku yake. "Kilomita za mraba 28" bila tarehe ni nusu ya habari. "Hadi jana jioni, kwa mujibu wa TANAPA, kilomita za mraba 28" ni habari kamili, na haigeuki kuwa uongo kesho idadi ikipanda.

Ndivyo ilivyo kuhusu chanzo pia. Maelezo ya kwanza juu ya aliyewasha moto ni ya awali, hata yakitolewa na mamlaka. Wabeba mizigo ni watoto wa parokia zetu. Wengi wao wanalipia ada za wadogo zao kwa mgongo. Kusema "moto umeletwa na wabeba mizigo" kana kwamba wote wana hatia ni kumshuhudia jirani uongo. Amri ya nane haikuishia barazani, inafika mpaka kwenye simu. Anayesambaza picha ya moto wa 2020 akidai ni wa leo, hata kama aliipokea kwa nia njema, ameongeza hofu kwa mama mwenye mtoto kambini na amewachelewesha wanaotafuta habari ya kweli.

Tangazo zuri lina mambo matano

Kanisani tuna kitu ambacho ofisi nyingi hazina: watu waliokaa kimya, wanasikiliza, na wanamwamini anayesema. Matangazo kabla ya baraka ya mwisho yanawafikia wengi, na Jumuiya Ndogondogo zinawafikia wasiokuja kanisani. Ndiyo maana tangazo la moto lisitolewe ovyo. Liwe na mambo matano: moto uko wapi, habari ni ya saa ngapi, unaelekea wapi, nani amesema, na sisi tufanye nini.

Tuchukue mfano. Katekista akisimama na kusema, "Ndugu waamini, mlima unawaka, tuombe," watu watatoka na hofu, kila mmoja na maswali yake. Lakini akisema hivi: "Ndugu waamini, mtendaji wa kijiji ametuarifu leo saa kumi na mbili asubuhi kwamba kuna moto juu ya msitu, upande wa Karanga. Kwa sasa hauelekei vijijini. Moshi unaweza kushuka usiku, hivyo wenye pumu, wazee na watoto wachanga walale ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Mtu asipande mlimani bila kuandikishwa. Tutatoa habari nyingine saa kumi jioni kwenye ubao wa parokia. Sasa tuombe," hapo sala inabebwa na watu wanaojua wanachokiombea.

Ahadi ya kutoa habari nyingine saa kumi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Pale watu wanapojua saa ya habari inayofuata, uvumi hupungua. Na saa kumi ikifika bila habari mpya, tusimame tuseme hivyo: hakuna habari mpya. Tukigundua kwamba tulikosea asubuhi, tusahihishe mahali palepale tulipokosea, kwa sauti ileile.

Kengele ina maana gani?

Wazee wetu walijua yowe. Likipigwa, kila mtu aliacha jembe. Leo tuna kengele na vipaza sauti. Lakini sauti bila maana iliyokubaliwa yaweza kuleta madhara.

Tarehe 8 Agosti 2023 moto uliteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, Hawaii, na kuua watu wapatao 100. Kisiwa hicho kilikuwa na ving'ora vingi vya tahadhari, lakini siku ile havikulia. Aliyekuwa na dhamana alieleza kwamba wananchi wamezoeshwa kukimbilia sehemu za juu wakisikia king'ora, kwa sababu ya mawimbi ya tsunami. Alihofia kwamba wangekimbilia juu, uliko moto. Tunaweza kubishana na uamuzi wake, lakini tatizo lilianza kabla ya siku hiyo: king'ora kilikuwa na maana moja tu vichwani mwa watu.

Kwetu kengele ina maana ya Misa, Malaika wa Bwana na msiba. Tukitaka iwe pia ya dharura, tukubaliane mapema: ipigwe vipi, nani anaruhusiwa kuipiga, na watu wakiisikia waende wapi. Makubaliano hayo tuyafanye pamoja na ndugu zetu Walutheri, ambao ndio wengi hapa Machame. Kengele zetu zinasikika katika vitongoji vilevile. Haifai ya kwao iseme "kimbieni" na yetu iseme "njooni".

Wanaotaka kupanda kusaidia

Mwaka 2020 mamia ya watu walipanda kuzima moto: askari wa hifadhi, Zimamoto, waongoza wageni, wanachuo wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka na wananchi wa vijiji. Moyo huo ni wa kushukuru. Lakini upendo nao unahitaji orodha ya majina. Usiku kwenye mita 3,500 baridi inaweza kumwangusha kijana mwenye nguvu aliyepanda na fulana moja. Asiyeandikishwa akipotea, hakuna atakayejua kwamba amepotea.

Kwa hiyo vijana wetu wapande pale tu uongozi wa hifadhi, KINAPA, unapoomba watu kupitia serikali ya kijiji, na wapande chini ya kiongozi. Wawe na nguo nzito, viatu vya kufunga, chakula, maji na tochi. Mtu asikae juu ya moto kwenye mteremko, wala asiingie bondeni moshi unakoelekea. Wasiopanda wana kazi pia: kupika, kusomba maji, na kukaa na familia za waliopanda.

Kazi ya kabla ya moto

Maandalizi ya kweli hufanyika mwezi Juni na Julai, mlima ukiwa bado na unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Swali la kwanza kwa kila Jumuiya ni hili: tunawajua wajumbe wa kamati ya kijiji chetu? Kama hatuwajui, mwenyekiti wa Jumuiya amtembelee mtendaji wa kijiji aulize.

Baada ya hapo kila Jumuiya iandike orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wa kifua na wasioweza kutembea, na ielewane nani atamwendea nani. Parokia iteue mtu mmoja wa kupokea habari kutoka kijijini na hifadhini, na mwingine wa kumsaidia akiwa safarini. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iandikwe ubaoni na ifundishwe kwa watoto wa Utoto Mtakatifu. Anayepiga aseme kwanza mahali alipo: kijiji, kitongoji na alama ya karibu kama shule au daraja. Na anayetaka kuchoma mabaki shambani aombe kwanza kibali kwa uongozi wa kijiji na kuwaarifu majirani.

Sisi waseminari tunajifunza kuhubiri, na tutahubiri miaka mingi Mungu akitujalia. Katika Laudato Si' ya mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliita dunia nyumba yetu ya pamoja. Nyumba ikianza kuungua, anayeona moshi kwanza anawaamsha wengine, anawaambia chumba gani kinawaka na mlango upi uko wazi. Kiangazi kijacho tunapenda parokia zetu ziwe tayari kufanya hivyo. Tuanze Jumapili hii kwa swali moja dogo baada ya Misa: kengele ikilia usiku, tumekubaliana ina maana gani?