Kiangazi: namna gunia ya makala inaweza kukawia ku nyumba

Mwezi wa sita, mvua ikikatika, sisi watu wa mashimo tunajua vile inaendaka. Maji inapunguka ku mito, kusafisha koltani inakuwa kazi nguvu, na feza inaingia polepole. Lakini tumbo ya watoto haijue kama ni kiangazi. Sufuria inapaswa kupanda ku moto asubuyi na mangaribi, na moto, kwetu Karuba, ni makala ao kuni, sababu nyumba nyingi hazina umeme.

Mwaka jana, ku mukutano wa sendika, tulikuwa tunabishana juu ya bei ya kilo ya koltani. Mama mumoja, muke wa mwenzetu, akasimama akauliza: «Munapigania franga kidogo ku kilo, ni vizuri. Lakini nani kati yenu anajua gunia ya makala inamaliza siku ngapi ku nyumba yake?» Wanaume wote kimya. Na mimi pia sikujua. Nilirudia nyumbani, nikauliza bibi yangu. Akanijibu: «Siku kumi na sita. Na weye haujawahi kuuliza.» Tuko watu nane ku nyumba.

Njo tukaanza na kuhesabu. Siku gunia inafunguliwa, tunaandika tarehe ku ukuta na kipande ya makala. Kiisha tukabadilisha mambo moja moja. Leo gunia inatupeleka siku 25. Hesabu mwenyewe: mbele tulikuwa tunamaliza karibu gunia 23 kwa mwaka, sasa ni karibu 15. Ni gunia 8 zinabakia mu mufuko. Hakuna negosya aliyetuongeza bei hivyo.

Maharagi njo inakula makala

Kile kilitusaidia zaidi ni maharagi. Hapa tunaishi juu. Mahali pa metre 2 000, maji inachemka ku degre 93 hivi, si 100 sawa chini ku bahari. Njo maana maharagi yetu inachelewa kuiva. Ukiitia mu maji tangu mangaribi, kesho yake saa ya moto inapunguka sana. Maharagi mupya ya mavuno ya mwezi wa sita inaiva mbio kuliko ile ya zamani. Kama unaweza kuchagua ku soko, chagua mupya.

Funika sufuria. Wengi wetu tunapika wazi, mvuke inaenda na feza yetu. Maji ikisha kuchemka, punguza moto: maji inayorukaruka haina moto zaidi kuliko ile inayochemka polepole.

Kuna tena kikapo. Maharagi iliyolala mu maji, uichemshe nguvu nusu saa, ufunike vizuri, kiisha uweke sufuria mu kikapo kubwa iliyojaa nguo za zamani ao majani makavu, na ufunike juu na blanketi. Itaendelea kuiva yenyewe saa tatu ao ine, bila moto. Mbele ya kula, irudishe ku moto ichemke tena. Bibi yangu alicheka mara ya kwanza. Sasa ni yeye anafundisha majirani.

Babula na makala inayobakia

Babula ya chuma tupu inapasha hewa ya inje kuliko sufuria. Ile iliyo na udongo ya kuchoma ndani inashika moto. Wakenya walianza kuitengeneza kwa wingi mu miaka ya 1980, na ku Goma mafundi wanaifanya pia. Bei yake inapita ya kawaida, lakini inajilipa kwa makala ambayo hauchome.

Chakula ikisha kuiva, usiache moto ujifie. Tia makala mu mukebe yenye kifuniko, izimike, itumike kesho.

Tununue pamoja, mbele ya mvua

Mwezi wa sita mupaka wa munane, barabara ni kavu na makala ni kavu. Mvua ikirudia mwezi wa tisa, magari inakwama mu matope na bei inapanda. Shida ni kwamba wakati makala iko bei muzuri, njo wakati mufuko wa muchimbaji uko mwepesi. Anayenunua ndobo moja moja analipa zaidi kuliko anayenunua gunia. Ku kamati yetu tulifanya likelemba ya familia kumi: kila juma feza ya wote inanunua gunia za familia moja, na zinawekwa mahali pakavu. Mvua inatukuta tumejitayarisha.

Lakini kuwe na akili

Kiangazi, usiku wetu ni baridi. Watu wanaingiza babula mu chumba cha kulala na kufunga mulango. Musifanye hivyo hata siku moja! Makala inatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Kichwa inauma, mutu anasikia kizunguzungu, kiisha analala na haamuke. Sisi wa mashimo tunajua kuogopa hewa mubaya chini ya ardhi. Tuiogope na ndani ya nyumba.

Na mulima je?

Kwa kupata kilo moja ya makala mu tanuru ya udongo, inaomba kilo 5 mupaka 10 ya kuni. Mulima bila miti unaporomoka, na tumezika wenzetu juu ya udongo ulioporomoka. Tangu 2007, mupango EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala, ili Virunga isimalizike. Mwenye kashamba kadogo apande mikaratusi ao grevilia pembeni. Kiisha miaka sita ao saba ataanza kukata.

Kupigania bei ya koltani hatutaacha, ni haki yetu. Lakini gunia nane hatuombe kwa mutu. Leo mangaribi, muchimbaji mwenzangu, uliza bibi yako gunia ilifunguliwa siku gani, na muandike tarehe ku ukuta.