Mkondo wa Masomo Usichaguliwe Gizani

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Kabla ya hapo, kila mmoja alitakiwa kuchagua mkondo kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Spoti. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, masomo yaliteuliwa kuelekea Kidato cha Tatu. Sasa uamuzi mzito huja mapema zaidi, mtoto akiwa na umri wa miaka 14 au 15.

Je, mtoto huyo huchagua akiwa ameona nini? Hapa Kariobangi, wazazi wengi hutamani kuitwa baba daktari au mama wakili. Matamanio hayo si dhambi. Lakini karibu na madarasa yetu lipo eneo la viwanda vidogo, Light Industries, ambako vyuma hukatwa, huchomelewa na kugeuzwa mashine. Fundi anayechonga ekseli hawezi kukosea kipenyo. Anayechomelea kwa umeme anaitumia fizikia ileile ambayo mwanafunzi huikariri ubaoni bila kuielewa. Hata hivyo, tunawatishia watoto wavivu kwamba wataishia jua kali. Baniani mbaya, kiatu chake dawa: milango ya shule zetu yatoka huko huko.

Sisemi kwamba kijana wa Eastlands azaliwe kwa ajili ya nyundo. Hilo lingekuwa dhuluma ya pili, kwani mabinti na wavulana wa mtaa huu wanastahili udaktari sawa na watoto wa Lavington. Ninalosema ni kwamba asiyeonyeshwa kazi hachagui, hubahatisha.

Walimu, kabla ya fomu kujazwa, wapelekeni wanafunzi karakanani na zahanatini alasiri moja, wakawaulize wenye kazi ni somo gani huwafaa kila siku. Kisha waambieni ukweli kuhusu shule wanazozitaka: ipo maabara? Yupo mwalimu wa fizikia? Mkondo wa sayansi usio na maabara ni jina tu.

Nanyi wanafunzi, msifuate mkondo kwa sababu rafiki ameufuata. Ulizeni, pimeni, kisha mjadiliane na wazazi kwa heshima. Mzazi aliyesikizwa naye husikiza.