Fizi Zinazotoka Damu na Kidonda Kisichopona

Tukiona damu kwenye mswaki tunashtuka. Mara nyingi huwa ni ugonjwa wa fizi tu, unaoletwa na uchafu ulioganda kwenye meno. Fizi huvimba, huwa nyekundu, na mdomo hunuka. Tukisugua meno vizuri asubuhi na jioni, kwa kawaida fizi hupata nafuu kwa wiki moja au mbili. Zisipopona, tumwone daktari wa meno.

Saratani ya mdomo ni mambo mengine. Huweza kuanza bila maumivu yoyote: kidonda, uvimbe mgumu, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, kwenye ulimi, fizi au ndani ya shavu. Wanaotumia sigara, tumbaku ya kutafuna na pombe wako hatarini zaidi, lakini hata wengine huipata.

Basi tuhesabu siku. Kidonda kikipita wiki mbili, au uvimbe ukitokea shingoni usiishe, twende hospitali hata kama hakuumi. Huko watakata kinyama kidogo kipimwe, ndipo ijulikane hakika. Saratani ikigunduliwa mapema ni rahisi zaidi kutibiwa. Tukikutana kwenye kikundi, tukumbushane.