Trekta, Moi na Hesabu ya Viti Vinne

Vichochoro vya Mashimoni, kule Kibera, ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mitungi ya maji hupishana kwa kusubiriana. Ndani ya kibanda cha kinyozi mmoja, ukuta wa mabati umejaa mabango ya kampeni, moja limebandikwa juu ya jingine, na pembeni ambako karatasi imechanika unaona chungwa chini ya chungwa. Mwenye kibanda aliniuliza huku mashine ikipita nyuma ya sikio langu: "Mwalimu, hiki chama tunachokichagua kwa hasira, kikishaingia serikalini mbona sisi hatuingii nacho?" Siku hiyo nilimjibu nusu, maana chini ya mashine kichwa hakigeuki. Nusu iliyobaki ni hii.

Si kila chama cha upinzani ni chama cha hasira. Kipo cha upinzani kinachosubiri zamu yake tu, na sera zake ukizichungulia ni zile zile za aliyeko madarakani. Chama cha hasira huchaguliwa ili kusema hapana, na wanaokipigia kura mara nyingi wanajua fika kwamba hakitaunda serikali. Nguvu yake basi usiitafute katika yale kinachoyafanya. Itafute katika yale wanayoyafanya wakubwa baada ya kushtuka.

Mtaalamu wa siasa Bonnie Meguid, katika utafiti alioutoa mwaka 2005 kuhusu vyama vya Ulaya Magharibi, alionyesha kwamba chama kikubwa kikikabiliwa na kidogo kina njia tatu: kukipuuza, kukipinga waziwazi, au kuiba ajenda yake. Wasomaji wengi wanaukumbuka mfano wa Uingereza. Chama cha UKIP kiliongoza uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka 2014, lakini katika uchaguzi mkuu wa 2015 kikaambulia kiti kimoja tu. Hata hivyo David Cameron alikuwa ameshaahidi tangu Januari 2013 kwamba wananchi wataulizwa kama wanataka kubaki katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 waliulizwa, wakasema hawataki. Kwa kiti kimoja, chama kile kilibadilisha mkondo wa taifa zima.

Kwetu Kenya wakubwa hawaibi ajenda. Huchukua watu wenyewe.

Tuanzie 1966, pale walipofuta badala ya kuchukua. Aprili mwaka huo Jaramogi Oginga Odinga aliacha umakamu wa rais, akaondoka chama tawala cha KANU na kuongoza chama kipya cha upinzani, KPU. Wabunge kadhaa wakamfuata. KANU haikupoteza wakati: ilibadilisha katiba haraka haraka ili mbunge yeyote anayehama chama kilichompeleka bungeni apoteze kiti na arudi kwa wapiga kura. Juni ukaja ule uchaguzi mdogo uliokuwa mkubwa. KPU ikapata viti tisa tu, na hata Bildad Kaggia, mfungwa mwenzake Rais Kenyatta wa Kapenguria, akashindwa Kandara. Miaka mitatu baadaye chama kikapigwa marufuku. Kwa hiyo Meguid angekuja Nairobi angelazimika kuongeza njia ya nne, ya kufuta kabisa.

Ila sheria hufanana na panga: likishanolewa, halichagui mkono. Mwishoni mwa 1996 Raila, mwana wa Jaramogi, alikuwa ameshindwa kumwondoa Michael Kijana Wamalwa kwenye uongozi wa FORD-Kenya. Wengine wakikosana na chama hubaki humo wakinung'unika mpaka uchaguzi mkuu, wakihofia kupoteza kiti. Raila alihama. Alijiunga na NDP, chama kidogo chenye alama ya trekta, akakiacha kiti cha Langata, eneo ambalo wakati huo lilibeba Kibera yote, akaenda kuomba kura upya. Machi 1997 akashinda. Sheria iliyotungwa kumwadhibu baba ikampa mwana mtaji: alikuwa amethibitisha kwamba kura za Kibera ni zake, si za chama. Jina la Tinga lilimganda kutokana na lile trekta.

Na hapa ndipo hesabu inapoanza kunoga. Katika uchaguzi wa 1992, FORD-Asili ya Kenneth Matiba ilipata viti 31. Hapa Nairobi ilichukua sita kati ya vinane, kikiwemo cha Dagoretti, ambacho ndani yake kulikuwa na Kawangware. Hasira ya Kawangware siku hizo ilikuwa kali sawa na ya Kibera, kama si zaidi. Lakini KANU ilikuwa na viti 100 kati ya 188. Rais Moi hakumhitaji mtu. Viti 31 vikawa vya kupigia kelele bungeni, basi.

Mwaka 1997 NDP ilipata viti 21, pungufu ya Matiba kwa kumi. Lakini safari hii KANU ilikuwa na 107 kati ya 210 vya kuchaguliwa. Toa 107 kwenye 210, upinzani unabaki na 103. Tofauti ni viti vinne. Wabunge watatu wa KANU wakichelewa kwenye matatu na mmoja akiugua malaria, serikali inatetemeka. Ghafla trekta likawa na bei. Kiti cha chama cha hasira thamani yake hupanda na kushuka kwa kadiri mwenye dola alivyopungukiwa. Idadi peke yake haielezi kitu.

Matiba, kwa upande wake, alikataa kabisa kushiriki uchaguzi wa 1997, na FORD-Asili ikaporomoka hadi kiti kimoja. Dagoretti ikaenda kwa Beth Mugo wa SDP, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri chini ya Rais Mwai Kibaki. Kiti kilibadilisha rangi, hasira ya Kawangware ikabaki bila dalali. Sitaki kusema Matiba alikosea. Mtu aliyeharibikiwa afya yake kizuizini ana haki ya kukataa kukaa meza moja na waliomfunga. Nasema tu kwamba meza ile ilikuwa na kiti kimoja wazi, na Raila akakikalia.

NDP ikaanza "ushirikiano" na KANU. Juni 2001 Raila akawa Waziri wa Kawi. Ndipo Kibera ikaonja kilichomo ndani ya chungu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, Rais Moi, akiwa na mbunge wa eneo ambaye sasa alikuwa waziri wake, alitamka kwamba kodi za nyumba Kibera ni za juu mno na lazima zipunguzwe. Fikiria uzito wa jambo hilo. Lalamiko la mpangaji wa chumba cha udongo na mabati lilikuwa limepanda mpaka kinywani mwa rais wa nchi. Lakini lilifika pale likiwa tamko tupu. Hapakuwa na kiwango, wala baraza la kusuluhisha, wala jibu kwa wenye nyumba, wengi wao Wanubi ambao wazee wao waliwekwa pale na serikali ya kikoloni na ambao kwa karibu miaka mia walikuwa hawana hati ya ardhi. Wapangaji wakashusha kodi wenyewe, wenye nyumba wakakataa, na kabla mwaka haujaisha watu walikuwa wameuawa na wengine wamekimbia makwao.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu zito zaidi kwa kinyozi. Chama kiliingia serikalini, na lalamiko liliingia nacho, ila liliachwa sebuleni. Kilichofika chumba cha ndani ni vyeo.

Walioketi mezani nao hawakukaa salama. Machi 2002 NDP ilimezwa rasmi na KANU, Raila akawa katibu mkuu wa chama kilichomweka kizuizini kwa miaka. Moi alidhani amemaliza kazi. Alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi, Raila akaondoka Oktoba na kundi kubwa la vigogo wa KANU yenyewe, akapanda jukwaa la Uhuru Park na kusema Kibaki tosha. Desemba, KANU ikaanguka baada ya karibu miaka 40. Chatu alikuwa amemeza mbuzi mwenye pembe.

Tangu hapo kila mkubwa amejaribu bahati yake Kibera. Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi, Uhuru, wakati huo akiwa rais, aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya ekari 288. Ilikuwa haki yao ya siku nyingi, na kalenda nayo ilikuwa ikisomeka. Novemba 2019, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Kibra uliofuata kifo cha mbunge Ken Okoth, Jubilee ya Uhuru ilimsimamisha mwanasoka McDonald Mariga huku William Ruto, wakati huo naibu wa rais, akiongoza kampeni. ODM, chama cha Raila chenye alama ya chungwa, ikashinda kwa mbali, lakini Ruto hakuwa na haja kubwa na kiti kile. Alikuwa anapima kina cha maji ya 2022.

Kisha ukaja mwaka 2024, na hasira isiyo na chama. Vijana walioingia bungeni Juni 25 kupinga Mswada wa Fedha walisema wazi kwamba hawana kiongozi, kabila wala chama. Rais Ruto aliukataa mswada, akalivunja baraza la mawaziri, na alipotafuta wa kuzungumza naye hakukuta trekta wala chungwa mikononi mwa vijana wale. Akawageukia wale ambao daima wana anwani. Julai aliteua wanne kutoka ODM: Hassan Joho, Wycliffe Oparanya, Opiyo Wandayi, na John Mbadi, mwenyekiti wa chama, ambaye alipewa Wizara ya Fedha, ile ile iliyoandika mswada uliowatoa watu barabarani.

Tarehe 12 Juni 2025, Mbadi aliingia bungeni kusoma bajeti.