MKONO MMOJA HAULEI MWANA: WAJIBU WA BABA NA NAFASI YA SERIKALI KATIKA MALEZI

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hutajwa mara nyingi panapohimizwa ushirikiano, ila ni nadra mtu kuuliza mkono wa pili ni wa nani. Wapo wanaosema ni wa baba, na kwamba serikali haina lake katika nyumba ya mtu. Wapo pia wanaodai kuwa baba asiye na kazi hawezi kulaumiwa, hivyo mzigo ni wa serikali. Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi sheria za Kenya zilivyougawa wajibu huo, na kuonyesha kwamba pande hizo mbili hazipingani.

Baba mbele ya sheria

Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe pesa za matunzo. Mwaka 1969 Bunge liliifuta. Yafaa ikumbukwe kwamba Bunge hilo halikuwa na mbunge yeyote mwanamke. Grace Onyango, wa kwanza kuchaguliwa, aliingia katika uchaguzi wa baadaye mwaka huo huo. Wanaume ndio waliojadili mzigo huo, na wanaume ndio waliojitua.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilileta haki nyingi kwa mtoto, lakini haikuliziba pengo hilo barabara. Iwapo wazazi hawakuoana, wajibu ulimwangukia mama kwanza. Baba aliupata kwa masharti, kwa mfano kwa amri ya mahakama, kwa makubaliano na mama, au kwa kumkubali mtoto na kumtunza. Kwa maneno mengine, ubaba ulikuwa jambo la hiari ilhali umama haukuwa na hiari.

Hali ilibadilika Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na kinaeleza kuwa mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au la. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba masharti yale ya sheria ya 2001 yalikinzana na Katiba. Mwaka 2016 mahakama hiyo ikaamua vivyo hivyo kuhusu sheria ya usajili wa vizazi, ambayo ilizuia jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa katika cheti cha mtoto isipokuwa kwa ombi la wazazi wote wawili. Hatimaye sheria mpya ya watoto ikapitishwa mwaka 2022.

Ni vyema kutambua kuwa wajibu sawa si lazima uwe kiasi sawa cha pesa. Mahakama hutazama mapato ya kila mzazi na mahitaji ya mtoto. Baba mchuuzi hatarajiwi kutoa sawa na baba meneja. Linalotarajiwa kwa wote wawili ni kutokimbia.

Mkono wa serikali

Kifungu hicho hicho cha 53 kinampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makazi na huduma za afya. Hapa ndipo serikali inapoingia. Mwaka 2003 karo ilifutwa katika shule za msingi za umma, na watoto waliokuwa wakichunga mifugo au kuuza njugu wakaingia darasani. Mwaka 2004 yalianza majaribio ya kuzipa pesa taslimu familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, huko Garissa, Kwale na Nairobi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo ilimpa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo kamili mkewe anapojifungua.

Hata hivyo, likizo hiyo humfaa aliyeajiriwa. Fundi wa jua kali, mhudumu wa bodaboda na kibarua wa shambani hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Aidha, amri ya matunzo ni rahisi kutekelezwa kwa mwenye mshahara kuliko kwa asiye na hati ya malipo. Sheria inaweza kumtambua baba, lakini bila ajira na bila maafisa wa watoto wa kutosha, utambuzi huo haumshibishi mtoto.

Lugha na fasihi

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hubandikwa jina la mwanaharamu, naye hakutenda lolote. Baba aliyemtoroka hana jina la kudumu la kumfuata kila aendako. Lugha humwadhibu asiye na hatia.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Ken Walibora anaziunganisha pande mbili za mjadala huu katika mhusika mmoja. Mtemi Nasaba Bora ni mtawala, na pia ni baba anayemkana mtoto aliyemzaa na Lowela. Kitoto hicho, Uhuru, kinalelewa na Amani na Imani, vijana wasio na kitu, na kinafia hospitalini kwa uzembe wa wauguzi. Baba amekikimbia, na hospitali ya umma haikukiokoa. Aliyeshindwa nyumbani ndiye aliyeshindwa kazini.

Hitimisho

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Serikali inaweza kujenga shule, ila haiwezi kumwamsha mtoto alfajiri na kumuuliza alilalaje. Baba naye anaweza kumpenda mwanawe, lakini mapenzi hayanunui dawa zahanati ikiwa tupu. Anayeutumia udhaifu wa upande wa pili kama kisingizio, awe baba au serikali, humwachia mama mzigo wa watatu, na hasara humwendea mtoto ambaye hakuulizwa.