Jengo la maktaba ni mwanzo tu, matunzo ndiyo kazi

MFADHILI anapoahidi kuwajengea wakazi wa Moding au Malaba maktaba, furaha huwa kubwa. Hata hivyo, kuna swali linalostahili kuulizwa mapema: ni nani atakayenunua vitabu na kuwalipa wahudumu baada ya utepe kukatwa?

Jibu lafaa kutafutwa Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka mpakani. Huko, katika barabara ya Banda, kuna maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa za mawe na sanamu za simba mlangoni. Ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ufadhili wa Lady Lucie McMillan, kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925. Mnamo 1938 ilitungiwa sheria yake maalumu.

Lakini hisani hiyo ilikuwa na dosari. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Wazungu pekee ndio walioingia. Umma wa rangi zote ulifunguliwa milango ukoloni ukielekea ukingoni, na jengo likawa chini ya Baraza la Jiji.

Dosari ya pili ilikuwa uchakavu. Fedha za matunzo zilipopungua, jengo na vitabu viliharibika. Kuanzia mwaka wa 2018, shirika la Book Bunk lilishirikiana na serikali ya kaunti kuifufua McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Tajiri Andrew Carnegie, aliyefadhili maktaba zaidi ya 2,500 duniani, aliitambua hatari hiyo mapema. Kwa kawaida alitaka mji utoe kiwanja, kisha utenge kila mwaka asilimia 10 ya thamani ya msaada wake kwa matunzo. Asiyekubali hakujengewa.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliziorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Busia ana haki ya kuuliza, bajeti inapojadiliwa, maktaba imetengewa kiasi gani. Mfadhili huondoka, mwanafunzi anayehitaji meza, taa na kitabu hubaki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.